Damu ya Saa Moja Asubuhi

Vlastimil huendesha tramu namba nane, Ostrava,
zamu ya usiku,
kutoka lango la kiwanda cha chuma hadi stesheni na kurudi,
na saa tisa, kituo cha mwisho, soseji mbili na haradali.

Alipofika maabara macho yalikuwa mekundu.
Muuguzi akamfunga mpira mkononi, akauliza:
"Umeamka saa ngapi?"
"Jana," akasema.

Homoni hii, daktari alieleza, hupanda kilele asubuhi,
lakini asubuhi ni ya aliyelala.
Namba hii ndogo
huenda ni yako, huenda ni ya usiku mmoja tu.
Shahidi mmoja hatoshi. Rudi.

Mimi nilijua kabla ya maabara.
Miaka minne nalala kando ya koromo linalokatika:
anavuta, anavuta, kisha kimya,
nahesabu, saba, kumi na moja, ishirini,
ndipo anapaliwa na hewa
kama mtu aliyeopolewa mtoni.
Ningemwambiaje?
Mficha uchi hazai, na yeye uchi wake
aliufunika kwa mzaha, kwa bia ya nne,
kwa kopo la unga lenye picha ya fahali
aliloliuziwa jimu na kijana asiye na ndevu.

Kopo nililitupa mimi.
Alidhani ameliacha kwenye tramu.

Daktari hakumpa sindano. Si sasa, alisema.
Alimpa barakoa ya kulalia yenye mrija mrefu,
akamwandikia barua ya kuombea zamu ya mchana,
akamgusa kitambi kwa kalamu:
"Haya mafuta si mzigo tu. Ni kiwanda.
Huchukua homoni ya kiume, hutoa ya kike."
"Viwanda tunavijua," mume wangu akajibu.
"Hapa hufungwa polepole."

Hufungwa polepole kweli.
Jumapili tunapanda kilima cha mabaki ya makaa,
kile kinachofuka moshi hata wakati wa theluji.
Mara ya kwanza alisimama mara tano,
akisingizia mandhari.

Vipimo vya Mei: imepanda. Si sana.
Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni
pamoja na tiketi za zamani,
akaniuliza kama nataka supu.

Usiku siku hizi ndiye mimi nisiyelala.
Kimya kimekuwa kirefu mno.
Naweka kiganja kifuani pake,
kinapanda, kinashuka,
nami sihesabu tena,
au nahesabu kidogo.