Sentimita Sita

Lembris kaja na pikipiki yake ya matairi manne,
imevaa vumbi lote la Oldonyosambu.
Shokapu zimekufa, akasema. Akiyapita makorongo kwa kasi
zinamrusha kama punje kwenye ungo.
Anataka mpya, za Nairobi. Bei anaijua.

Nilizishika springi: hazijachoka.
Oili haivuji. Nikachukua futi kamba.
"Panda. Kaa unavyokaa ukiwa peke yako porini."

Chombo kizuri hukubali kukaliwa,
hushuka kidogo, kikabakiza nafasi ya kuzama,
gurudumu liifuate ardhi, lisiiogope.
Mwaka juzi tuliipimia uzito wake, ikashuka kumi.
Niliandika kwa rangi, pale juu ya mlango.

Leo sita.

Nikapima tena. Sita.
Futi haina adabu.
Nikautazama mkanda wake: tundu jipya,
limetobolewa kwa msumari.
Tangu amzike Nasinyari sijamwona kwa mama ntilie hapa Unga Limited,
na sikuuliza.

Hata leo sikuuliza.
Nikatia spana, nikalegeza pete, kulia, kushoto,
nyuma vilevile, uzi kwa uzi,
mpaka futi ikasoma kumi.

"Kajaribu. Usishindane na korongo. Simama kidogo, magoti yalegee."

Akarudi anakohoa vumbi.
"Imelainika! Umeweka nini?"
"Nimepunguza."

Akanyamaza, mkono juu ya tangi.
Makande yangu yalikuwa bado yana moto.
Nikamsogezea sahani,
na kijiko, kilikuwa kimoja tu.