Kumi na Saba Zilizokatwa

Milioni ilikuwa imetimia, tuliihesabu mara mbili:
miaka minne ya ndizi, kunde na majani chai ya Mudete.
Wanawake ishirini na watano, kila mmoja elfu arobaini,
mgao mwepesi kama kumega ugali.
Kisha benki ya Mbale ikakata ada, shilingi kumi na saba.

Kijitabu sasa kinasema
laki tisa, tisini na tisa elfu,
mia tisa themanini na tatu.

Mimi ndiye mwandishi wa kikundi. Nimefundisha darasa la sita
hadi chaki ikanila ncha za vidole.
Usiku ule mvua ilipiga mabati ya Chavakali,
nikafungua daftari la miraba
nikaanza kuwapokea wagawanyaji mlangoni.
Mbili hakuingia. Aliona tatu mwishoni, akageukia njiani.
Tatu alijumlisha tarakimu, akapata arobaini na saba, akaguna.
Saba alibisha hodi, akaondoka na salio la tano.
Kumi na moja na sita lake,
kumi na tatu na kumi lake.
Kumi na saba, mwizi wetu yule yule,
nilidhani ndiye mwenye ufunguo. Akabakiza tisa.

Taa ikaanza kufuka. Niliwaita wote, mia moja sitini na wanane,
mpaka wa mwisho, mia tisa tisini na saba,
naye akapungukiwa na nane.
Nane tu!
Zaidi ya hapo hakuna haja ya kuita mtu:
elfu mara elfu ndiyo ile milioni iliyotuponyoka.

Jumapili nikasimama mbele yao.
"Hii," nikasema, "ni namba tasa."
Neno lilitoka kabla sijalitafuna.
Macho yakaelekea benchi la dirishani, kwa Kageha,
aliyebandikwa jina hilo
tangu siku aliporudishwa kwao Gambogi na sanduku moja.

Kageha akafuta jasho la pua.
"Wameijaribu wangapi?"
"Mia moja sitini na wanane."
"Na hakuna aliyeikata?"
"Hakuna."
"Mbele yake, kabla ya milioni, ipo nyingine?"
"Hapana. Hiyo ndiyo ya mwisho. Zinazofuata zote zinakatika,
mpaka uvuke milioni kwa hatua tatu."
Akaegemea ukuta, akacheka kicheko kilichomtoa kikohozi.
"Sasa mbona unanong'ona, mwalimu? Isome tena, kwa sauti."

Nikaisoma,
tarakimu kwa tarakimu,
na Endesia, aliyekuwa wa kwanza kugeuka, akainamisha kichwa
akatafuta kitu chini ya benchi ambacho hakikuwepo.

Tukagawana. Elfu thelathini na tisa
mia tisa tisini na tisa kwa kila mmoja,
shilingi moja pungufu ya ndoto,
na nane zikabaki mezani.
Jerida alitaka kiberiti. Mmbone akasema sadaka.
Kageha akasema ziacheni, mna haraka gani?

Zimo bado katika mkebe wa majani, juu ya kabati langu.
Hatujapatana.