Kwa Somo Yangu Mwenye O

Karani wa vizazi pale Chake alikuwa na haraka,
au wino ulimwishia,
au adhana ya adhuhuri ilimkuta kalamu iko hewani.
Akaandika Mbaruk.
Marehemu baba hakudai. Alisema o ni tundu tu,
na nani hugombea tundu?

Miaka thelathini na nne, tundu lile sasa linavuja.

Linavuja usiku, simu iko juu ya kabati inakula chaji:
Ndugu Mbarouk, sofa lako la watu saba limebakisha awamu mbili.
Mie nakalia mkeka
na benchi mbili za skuli nilizozipata mnadani Gombani.
Ndugu Mbarouk, tiketi yako ya boti, kiti namba kumi na nne, dirishani.
Ndugu Mbarouk, hongera, mwanao Ilham kashika nafasi ya tatu.
Hiyo niliisoma mara mbili.
Nilitamani kumwambia mtu.

Nilijaribu kujibu. Nikaandika: mie siye,
yeye ana o, mie sina.
Ikarudi papo hapo: usijibu barua hii, sanduku hili halina mtu.
Nikacheka peke yangu dukani Machomanne,
mashine ya fotokopi inatema vitambulisho vya watu,
na mie nabishana na sanduku.

Mke wangu Mize akanambia: barua ya mtu ni amana.
Nikamwambia amana hukabidhiwa, hii imenirukia ukuta.
Akasema: kuku wa jirani akikurukia ukuta, ndiyo umchinje?

Siku nyingine zikaja namba ishirini za tukuza,
zimepangwa nne nne kama watoto wa chuoni.
Nikajua huko Unguja, Mpendae, kuna nyumba iko kiza,
friji inadondosha maji,
mtu anapekua simu yake akililaani shirika,
na taa yake nimeishika mie, kiganjani, Pemba.

Kisha tarakimu sita: ingiza hizi ubadili neno la siri.
Zina dakika kumi.
Dakika kumi nilisimama mlangoni kwa mtu na ufunguo wake mkononi.
Nikaigeuza simu kifudifudi mpaka muda ukapita.
Najisifu? Najisifu.
Hakuna mwengine aliyeona.

Halafu ikaja ya hospitali.
Ndugu Mbarouk, kusafisha damu ni Jumanne na Ijumaa,
saa moja asubuhi, punguza chumvi na maji.
Hapo nikaacha kucheka.

Nikaiandika anwani herufi kwa herufi, na safari hii nikaitia o,
taratibu, kama atiaye uzi kwenye sindano.
Assalamu alaykum, somo yangu.
Zako ninazo, kumi na tisa, sikuzigusa.

Jibu likaja alfajiri:
Waalaykumu salaam. Kumbe ni wewe!
Zako nazo zilikuja kwangu, tatu.
Moja hii hapa, nakurudishia.
Mbili nilizifuta. Nisamehe, yakhe, nilidhani matapeli.

Hiyo moja ni ya chuo cha ualimu:
uje kwenye usaili, tarehe sita Februari.
Nimeisoma Septemba, nimesimama uani,
mswaki mdomoni.

Na hizo mbili?
Nilimuuliza. Hakumbuki.
Anakumbuka moja ilianza na "Tunayo furaha."
Mize anasema zote huanza hivyo.

Basi kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya isha, namwandikia:
Somo, kesho saa moja. Chumvi.
Naye hunijibu kwa herufi moja tu,
ile ile aliyoinyima karani.

Wiki jana nilingoja mpaka nikafunga duka, kimya.
Nikalala na simu chini ya mto, Mize akinitazama.
Alfajiri zikaja mbili,
ya jana na ya leo.