Pole ya Kaunta

Kadi yangu ya ukaazi ilikata roho mwezi wa tatu,
ndani ya mkoba, kati ya risiti ya duka la dawa
na picha ya Bi Thuwaiba aliyenilea.
Sikuisikia. Edmonton theluji ilikuwa bado magotini,
nami nangoja barua kubwa kuliko kadi,
barua ya kwenda kuapa, kuwa raia.
Nikasema, ya nini kuihuisha?
Anayengoja mkate haokoti makombo.

Simu ikalia usiku kutoka Mabela:
Njoo, anakutaja.
Nani husoma tarehe nyuma ya kadi
mama anapomtaja?

Nilimkuta hai. Siku tisa.
Uji kwa kijiko cha chai, mafuta miguuni.
Akaniita kwa jina la dada yake,
nikaitika kwa jina la dada yake.
Siku ya kumi wanaume wakamchukua
kabla jua halijawa kali,
tukabaki na vikombe vya kahawa
na tende zilizoanza kutoka jasho.

Kisha uwanja wa ndege,
marumaru inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga.
Binti wa kaunta, skafu ya zambarau, kifuani Ibtihaj,
akaigeuza kadi, akaigeuza tena,
kama chapati iliyogoma kuiva.
Akauliza kwa Kiingereza, nikajibu.
Akauliza kwa Kiarabu, nikajibu kwa kile changu chenye viraka.
Ndipo akaona mahali pa kuzaliwa: Wete.

Akanyanyua macho.
"Bibi yangu mzaliwa wa Wete," akasema,
akashusha sauti kama tumo jikoni.
"Lakini mfumo unakataa, dada'angu. Pole."

Nimekataliwa sana mimi.
Kwa Kiingereza huja barua,
na "kwa masikitiko" hukaa mstari wa pili.
Kwa Kiarabu huambiwa bukra,
na bukra ina watoto na wajukuu.
Lakini kwa Kiswahili cha kwetu,
kwa sauti ileile ya kula mwanangu, umekonda,
sikuwahi.
Mlango umefungwa, na aliyeufunga
ananipapasa bega.

Binamu zangu wana pasipoti za hapa, nyekundu, nzito.
Babu yao alipanda ndege mwaka sabini na nne.
Babu yetu, ndugu yake, alisema atafuata
akishauza ng'ombe.
Ng'ombe hakuuzika.

Sasa fomu ya hati ya safari, ya kurudi mara moja tu.
Sababu ya kutoka nchini? Mistari miwili.
Nikaandika: kumzika mama.
Ikajibu: ambatisha cheti cha kuzaliwa.
Cheti kina jina jingine, la aliyenizaa akafa
nikiwa sijaota meno.
Ni nani kwako, huyu Thuwaiba?
Dada wa mama yangu, mkubwa,
yaani mama.
Fomu haina kisanduku cha yaani.

Ruwi, studio ya picha, ngazi zinanuka karatasi na bizari.
"Usicheke," akasema mpiga picha,
mzee wa Kerala mwenye miwani iliyofungwa uzi.
Nani alikuwa akicheka?
Akanitazama vizuri, akaizima taa,
akaniletea chai ya maziwa, hakuitaka pesa yake.

Usiku barua ikaingia kwenye simu:
tuna furaha kukualika.
Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, saa za kwao.
Viza ya hapa imebakiza siku nne.
Nikakaa kitandani kwake, kiyoyozi kikikohoa,
nikayasoma maneno ya kiapo kwa sauti ndogo
mbele ya kabati lenye nguo zake
ambazo hakuna aliyethubutu kuzigawa.
Nilikwama neno la tatu. Nikaanza upya.

Kesho narudi Ruwi, kuchukua picha.
Sita, mandhari nyeupe.
Kwenye zote sikucheka.