Kapo Kwenye Freti ya Nne

Masanduku hayafunguliwi mara moja.
Nje ni digrii ishirini na nne chini ya sifuri,
na gitaa likitoka kwenye lori likaingia jotoni ghafla
hutokwa jasho kama chupa ya soda.
Basi nayaacha saa nzima,
humu ukumbini Kemi, ghala la zamani la karatasi,
nimekaa juu ya spika na kahawa ya tatu,
nasubiri mbao zikubali kwamba tumefika.

Kisha kazi.
Matano, yamepangwa kama ndugu wasiofanana:
la kwanza la kawaida, E hadi E;
la pili nusu toni chini;
la tatu uzi mnene tu ndio ulioshuka, umekaa D,
kwa nyimbo za kunguruma;
la nne limeshuka lote toni nzima, nikalifunga nyuzi nene,
maana uzi mwembamba ukilegezwa mno hupwaya
kama meno ya bandia.
La tano ni la mbao tupu. Hilo ndilo la kapo.

Kapo: kibanio, springi, kipande cha mpira.
Hukaba shingo, na gitaa, badala ya kunyamaza,
hupanda.
Vidole vinabaki na maumbo yale yale ya utotoni,
sauti inatoka ghorofa nyingine.

Nina daftari tangu mwaka wa themanini na tisa.
Wimbo wa mwisho, ule watu wanaoununulia tiketi:
E.
E imekatwa. E flati,
mwaka Ilmari aliporudi kutoka kwa daktari wa koo.
E flati imekatwa. D.
Hakuna aliyeniagiza.
Alipita tu nyuma ya jukwaa, akagusa masikio ya gitaa,
akasema, "Siku hizi unazikaza mno nyuzi hizi,"
nami nikajua hasemi nyuzi.

Jana usiku.
Wimbo uliotangulia uliitaka kapo freti ya nne.
Wa mwisho unaitaka ya pili.
Taa zikazimwa; mimi nimeinama,
nabadilisha uzi uliomkatikia Pasi.
Nuutti, miaka ishirini na miwili, wiki ya tatu kazini,
akaanza kupiga.

Maumbo ya C, freti ya nne.
E.
E ileile ya chini ya mistari miwili ya wino.

Sirkka akakunja uso, akasogeza besi freti mbili.
Pasi akafuata.
Akabaki Ilmari, na mipigo kumi na sita
kabla ya neno la kwanza.
Alinitazama. Nilikuwa nimeshika uzi uliokatika.
Angeinua mkono tu, watu wangecheka, tungeanza upya.
Alivuta pumzi.

Ubeti wa kwanza uko chini, hata mke wangu anauimba jikoni.
Kiitikio ndicho chenye ngazi.
Akapanda. Pale juu, kwenye neno "nyumbani",
sauti ikatoka nusu hewa, nusu mchanga,
akaishikilia hivyo hivyo mipigo minne yote,
deni lote, hadi senti.
Safu ya tatu mtu mwenye koti la kiwandani
alishusha simu yake.
Mara ya pili hakupanda.
Aliimba oktava nzima chini, karibu na kusema,
na ukumbi ukamsogelea ili usikie.

Nuutti alikuja nyuma, uso chokaa, samahani, samahani.
Ilmari akaichukua kapo mkononi mwake,
akaibana na kuiachia, akaibana na kuiachia.
"Kumbe ilikuwa juu hivi?"
"Ilikuwa hapo hapo miaka yote."
Akacheka, akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe.
"Kesho Rovaniemi. Andika C."

C haihitaji kapo. Nikaitia mfukoni, bado ina joto,
nikakata D.
Alikuwa ameshafika mlangoni, koti bega moja,
aliposema bila kugeuka:
"Kwa penseli."