Saba Kasoro Moja

Mama hakutaka hesabu. Alitaka kujua
kilichomo ndani ya kidonge cha Fermín.

Jikoni kwetu, Colchani, ukuta ni tofali za chumvi,
na upepo wa Agosti huila chumvi ya uwanda
ukaja kuitapika kwenye mkate.
Nikaponda nusu kidonge, nikakiweka kwenye ncha ya kijiko,
nikakinyoosha juu ya jiko la gesi.
Mwali wa samawati ukageuka mwekundu,
wekundu wa sketi za kanivali kule Oruro.

"Lithiamu," nikasema. "Hii hii
ninayoipima kila asubuhi mabwawani."

"Nayo ni nini?"

Nikamwaga maharagwe mezani.
Matatu meusi: protoni.
Ongeza la nne, jina limekufa;
punguza moja, jina limekufa.
Tatu ndiyo ukoo.
Wenyewe kwa wenyewe hawapatani, wote chanya,
wangetimuana hadi mwisho wa dunia
kama si haya manne meupe,
yasiyo chanya wala hasi,
wazito, wakimya, wanaowashika pamoja.
Hicho ndicho kiini.

Kisha punje tatu za kwinoa, elektroni.
Mbili zinazunguka karibu. Ya tatu peke yake, nje.

"Nje wapi?"

Nikafikiri. Kama kiini ni fungu hili la maharagwe,
punje ya mwisho iko kule
malori yanakopakia chumvi, mwendo wa kilomita moja.

"Na kilicho katikati?"

Hakuna.

Mama akatazama dirishani,
uwanda mweupe, mweupe, hata ndege hana.
"Basi nimeishi humo ndani miaka sitini na mbili."

Sikumwambia yote kwa mpangilio. Maji yalikuwa yanachemka.
Nilisema: ile ya nje haishikwi sana.
Akija mwenye pengo la moja, klorini kwa mfano,
anapewa. Kutoa ni moyo, husema watu;
kwa lithiamu kutoa ni umbile.
Zabaki mbili hasi, tatu chanya,
na ile chanya iliyokosa mwenzake
ndiyo inayoifanya iitwe ioni.

Kabla ya kutoa ni chuma chenye wazimu,
ukiitia majini inafoka, inakimbia juu ya maji,
maabara tunaifungia ndani ya mafuta.
Ikishatoa, hulala kwenye maji ya chumvi
miaka elfu na elfu, haimsumbui mtu.

Mama alinyamaza.
Tulikuwa tunafikiria kitu kimoja:
ule usiku Fermín alinunua baiskeli kumi na moja kwa mkopo
akazipanga uani, akaziita kwa majina;
na zile wiki tatu baadaye,
uso ukutani, hata supu hataki.
Sasa amelala nyuma ya pazia.
Mikono inatetemeka kidogo, kiu haimwishi,
lakini analala.
Namna gani ioni ndogo hivi inamtuliza mtu mzima
hata daktari wa Potosí husema, tunajua nusu.

"Na nikiondoa hili?"
Kidole cha mama kilikuwa juu ya haragwe jeupe.

Ondoa. Bado ni lithiamu.
Jina lile lile, mwenendo ule ule, nyepesi tu.
Katika mia utapata saba au nane za namna hiyo.
Isotopu, mama. Mizani ndiyo inayozibagua,
macho hayawezi.

Akalitazama pazia, akanitazama mimi.
"Kama nyinyi wawili," akasema,
bila kutaja nani mwepesi.

Haragwe akalitia mfukoni mwa aproni.
Mengine yakaingia sufuriani, sita,
pamoja na kwinoa, pamoja na maelezo yangu yote.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.
"Nani," akauliza Fermín kwa sauti ya usingizi,
"nani kanilia nusu ya kidonge changu?"