Mhusika: Mtumishi

Nilipofika Madrid na sanduku moja na shahada,
walinipa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini.
Mhusika: Mtumishi. Umri: wowote. Atoka kusini.
Hana jina. Ana ndoo.
"Soma tena," akasema mwongozaji, "ila kama kwenu.
Meza herufi. Cheka kidogo kabla hujasema."

Nikameza.
Sisi watu wa Jaén tunameza, sikatai:
ile s ya mwisho wa neno hatuiingizi ndani,
tunaiacha kizingitini kama viatu vyenye matope.
Hakuna aliyewahi kuiibia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtumishi mara kumi na moja.
Nimepiga deki sakafu za mbao bandia,
nimevunja sahani kwa wakati uliopangwa,
nimefungua mlango nikasema, "Bwana hayupo,"
na watu wasioonekana wakacheka ndani ya mashine.
Mara mbili nimesinzia kitini mchana, mdomo wazi,
maana kwetu, kwa mujibu wa mwandishi ambaye hajafika,
jua likipanda watu hulala.

Mama yangu Custodia hulala saa ngapi?
Desemba, alfajiri, sakitu imekaza nyasi,
yeye keshatandaza wavu chini ya mzeituni,
anachapa matawi kwa ufito mrefu
na zeituni zinamwagika kama mvua ya mawe meusi.
Mkate na mafuta anakula akiwa amesimama.
Na hizo ni Jumamosi tu.
Siku nyingine ni mhasibu wa ushirika:
mizani za wakulima mia nne zimo katika daftari lake,
kilo moja ikipotea, haoni usingizi mpaka irudi.
Karatasi za pini hazina mahali pa kuandika hayo.

Mwaka juzi niliomba kuwa daktari.
Daktari alikuwa na jina, miwani,
na mistari sitini.
Nilisoma hata yule kijana wa taa akaacha kutafuna.
Mwongozaji akanivuta pembeni, akanishika bega:
"Vizuri sana, Fuensanta. Ila mtazamaji hataamini.
Mgonjwa akisikia sauti hiyo
atadhani umekuja kufuta meza."
Aliyasema kwa upole. Ndipo paliponiuma:
hakuwa na chuki hata chembe.

Husemwa mwacha asili ni mtumwa.
Mimi niliishika, nikapewa ndoo.

Basi nikaiacha. Miezi minane kwa mwalimu wa matamshi,
kizibo cha chupa katikati ya meno,
nikirudisha kila s mahali pake
kama mtu anayelipa deni asilokopa.
Nikapata sauti safi, ya wasoma habari,
sauti isiyotoka popote.
Nikapiga simu. Udaktari ulikwisha kupata mtu.
Na utumishi?
Utumishi walimpa msichana wa Valladolid,
"yeye ni wa kusini kuliko nyinyi wenyewe."

Jumapili niko nyumbani, Martos. Tunatazama.
Msichana wa Valladolid anaburuta ndoo yangu,
anameza herufi ambazo hata sisi hatuzimezi,
anameza na zisizokuwepo.
Mama anaacha kumenya chungwa.
"Huyu wa wapi?"
"Wa kwetu," nikasema.
Akainamisha kichwa kwenye televisheni
kama fundi anayesikiliza mashine yenye hitilafu.
"Kwetu kupi?"
Halafu akageuka, akanitazama mimi, kwa muda.
"Na wewe, tangu umekuja jana
unanisemesha kama benki."

Nilitaka kumjibu kwa ulimi wake.
Nikalitafuta neno, nikalipata, nikajaribu kumeza.
Ile s ikagoma kushuka,
ikakaa kooni kama kokwa ya zeituni.

Mama alinikatia nusu ya chungwa.
Ndani ya televisheni, watu walicheka.